Kurekebisha kifyatulio cha raifo ili uzito wake usibadilike: mwongozo kwa wasasi na wenye mashamba

Mwenye raifo akiona risasi zake hazitui pahala pamoja, hushuku darubini kwanza, kisha risasi, kisha macho yake mwenyewe, na kifyatulio hukikumbuka mwisho, ikiwa atakikumbuka. Hilo ni kosa la mpangilio, kwa sababu kifyatulio ndicho kinachopokea nguvu ya kidole wakati ambapo mtutu hautakiwi kutikisika hata kidogo. Kikivutika kwa kilo moja na nusu leo na kwa kilo mbili na robo wiki ijayo, kidole hakina njia ya kujua ni lini bunduki italia, na mwili hujikaza kuusubiri mlio. Hapo ndipo shabaha inapopotea.

Mwongozo huu nimewaandikia wenye raifo za bolti, yaani zenye komeo la chuma linalofunguliwa na kufungwa kwa mkono kila baada ya risasi, walio na leseni ya Polisi iliyo hai, na zaidi wasasi wa nguruwe mwitu wanaoingia maweni kusini mwa Unguja kulinda mihogo, mbaazi na viazi vya wanakijiji. Kazi ninayoieleza ni ile ambayo kiwanda chenyewe kimeiwekea skrubu na kumruhusu mwenye bunduki aifanye. Kusugua meno ya ndani kwa tupa au msasa, kukata springi, au kubadilisha umbo la chuma chochote ndani ya mtambo si sehemu ya mwongozo huu, na simshauri mtu ajaribu. Chuma kilichosuguliwa hakirudi, na ngozi ngumu iliyotiwa juu yake kiwandani ikishatoka, jino hulika haraka hadi siku moja likaachia lenyewe. Kama bunduki yako ni ya zamani ya kijeshi isiyo na skrubu za kurekebishia, hatua za kusafisha, kupima na kujaribu zilizomo humu zitakufaa, lakini ile ya kugeuza skrubu iruke.

Ipo haja ya kuelewa kwanza kinachotokea ndani. Ukifunga bolti, pini ya fataki, yaani ile inayogonga kitako cha risasi na kuiwasha, hubaki nyuma ikisukumwa na springi yenye nguvu, na kinachoizuia isiruke mbele ni jino dogo lililoshikwa na ukingo wa kifyatulio. Vyuma hivyo viwili hupandana kwa kipimo kilicho chini ya milimita moja. Ukivuta kifyatulio, ukingo huo huteleza, jino hupoteza pa kuegemea, na pini huruka kupiga fataki. Bunduki nyingi zinazorekebishika zina skrubu mpaka tatu. Ya kwanza hukaza au kulegeza springi ya kifyatulio, na hiyo ndiyo inayobadilisha uzito wa kuvuta. Ya pili huamua meno yapandane kwa kiasi gani. Ya tatu huamua kifyatulio kiende umbali gani baada ya jino kuachia. Mwongozo huu unagusa ya kwanza tu. Skrubu ya mpandano ndiyo inayowadanganya watu wengi, kwa kuwa ukiipunguza kidogo kifyatulio huwa laini na kizuri kidoleni, kumbe umebakisha uzi mwembamba wa chuma kati ya bunduki iliyotulia na bunduki inayolia ikigongwa na kigogo.

Kuchagua uzito

Watu huulizana kifyatulio kiwe chepesi kiasi gani, na mimi naona swali hilo limewekwa kichwa chini miguu juu. Kinachotafutwa ni uzito usiobadilika. Wepesi unakuja baadaye, na kwa kiasi. Chukua bunduki mbili ambazo wastani wa kila moja ni kilo 1.6. Ya kwanza mivuto yake ni kilo 1.60, 1.65, 1.55, 1.60 na 1.60. Ya pili ni kilo 1.30, 1.90, 1.50, 1.80 na 1.50. Wastani ni mmoja, lakini ya kwanza kidole kitaizoea kwa siku chache, na ya pili hakitaizoea maisha.

Kwa kulinganisha, kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya shabaha, zinataka raifo ya kawaida ya mita 300 isiwe na kifyatulio chepesi kuliko gramu 1500. Huyo ni mwanamichezo aliyetulia mahali pake, uwanja mtupu mbele yake, na risasi huitia chemba (tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa) akishaelekeza bunduki kwenye shabaha. Msasi wetu anatembea juu ya mawe makali, miguu inateleza, mbwa wanabweka, wenziwe wamejipanga kichakani asikowaona wote, na pumzi iko juu. Kwa hali hiyo naona kilo 1.8 hadi 2 ndiyo mahali pazuri, na chini ya kilo 1.5 pasishukwe hata kama skrubu inaruhusu. Na kama kitabu cha kiwanda kimeweka kiwango cha chini kilicho juu zaidi ya hapo, kitabu kifuatwe.

Hatua ya kwanza: mahali na bunduki tupu

Kazi hii ifanyike chumbani, mlango umefungwa, juu ya meza yenye kitambaa cheupe ili skrubu ndogo isipotee. Barazani si mahali pake, kwa kuwa barazani watu hupita, husalimia na kukaa, na watoto hutaka kushika. Akipiga mtu hodi, kazi isimame, bunduki ifunikwe, na ukirudi uanze tena kuikagua kana kwamba hujaikagua kamwe. Risasi zote zikae chumba kingine, chini ya kufuli, wala isibaki hata moja mfukoni.

Elekeza mtutu upande usio na mtu, ambako risasi ikitoka itaishia kwenye ukuta mnene wa mawe au kwenye ardhi, kumbuka kwamba tofali jembamba na bati havizuii kitu. Toa magazini, yaani kisanduku cha risasi. Fungua bolti, tazama chemba kwa jicho, kisha ingiza kidole cha mwisho uiguse, kwa sababu taa mbovu hudanganya na kidole hakidanganyi. Tazama pia njia ya kulishia risasi. Ikiwa kuna mtu mzima mwengine nyumbani anayeijua bunduki, naye atazame.

Hapa pana jambo la kuwatahadharisha wenye bunduki kongwe. Baadhi ya raifo za zamani, zikiwemo Remington 700 zilizotengenezwa kabla ya 1982, bolti yake hufungika sefti (kizuizi cha usalama) inapowekwa, kwa hivyo mtu hawezi kuitoa risasi mpaka aitoe sefti kwanza. Bunduki ya namna hiyo iliyo na risasi ndani iko katika hatari yake kubwa kabisa wakati ule ule mwenyewe anapodhani anaifanya iwe salama. Kidole kiwe mbali na kifyatulio na mtutu usiyumbe mpaka bolti iwe wazi.

Kama raifo yako ni ya .22 inayopigwa ukingoni mwa ganda, usiifyatue tupu, maana pini hugonga ukingo wa chemba na kuutia kovu. Tumia ganda lililokwishapigwa, na uligeuze kila mara. Kwa raifo kubwa zinazopigwa katikati ya fataki, risasi bandia yenye mpira au springi mahali pa fataki huilinda pini. Risasi bandia iwe na rangi isiyoweza kufananishwa na risasi ya kweli, hata gizani chini ya meza.

Hatua ya pili: kupima kabla ya kugusa chochote

Usigeuze kitu ambacho hujakipima. Mizani maalumu ya vifyatulio ipo, ya springi na ya betri, lakini mizani ndogo ya ndoana inayotumiwa kupimia samaki au mizigo ya safari inatosha, ilimradi uihakikishe. Njia nyepesi ya kuihakikisha ni maji: pima chupa tupu, tia lita moja ya maji safi, pima tena, na tofauti iwe kilo moja. Mizani ikisoma gramu 80 zaidi, andika, na upunguze kiasi hicho kwa kila kilo moja katika vipimo vyako.

Funga bunduki kwenye jiriwa iliyotandikwa kitambaa kinene, au iegemeze imara juu ya mifuko ya mchanga ili isisogee. Funga bolti ili mtambo ujikoki, toa sefti, tia ndoana ya mizani katikati ya mviringo wa kifyatulio, pale pale kidole kinapokaa, na uvute polepole kuelekea nyuma, sambamba na mtutu. Soma namba mtambo unapoachia. Fungua na funga bolti, rudia. Fanya mara kumi, na uandike kila namba kwenye daftari hata ile inayoonekana ya ajabu, kwa maana ile ya ajabu mara nyingi ndiyo yenye habari.

Mahali pa ndoana panastahili maelezo. Kifyatulio ni wenzo unaozunguka kwenye pini yake ya juu, na wenzo hufuata umbali. Ikiwa mtambo unaachia kwa kilo 2 ndoana ikiwa milimita 20 chini ya pini hiyo, ukishusha ndoana hadi milimita 25 utasoma kilo 1.6, na ukiipandisha hadi milimita 16 utasoma kilo 2.5, na hakuna chochote kilichobadilika ndani ya bunduki. Watu wawili wamewahi kubishana mbele yangu juu ya bunduki moja, huyu akisema nzito na yule akisema nyepesi, na wote wakisema kweli: mmoja alikuwa na kidole kirefu kinachoshuka mpaka ncha ya kifyatulio. Kwa hivyo tia alama ndogo ya rangi ya kucha mahali pa ndoana, na upime hapo siku zote.

Ukivuta kwa haraka mizani hupitiliza, na ukivuta kwa pembe chuma husuguana na ubavu wa nyumba yake. Ikiwa namba zako kumi za mwanzo zinarukaruka, shuku mkono wako kwanza na urudie kumi nyengine. Kwa kifyatulio cha kawaida cha kiwandani, tofauti ya gramu 100 kati ya mvuto mkubwa kabisa na mdogo kabisa ni nzuri, na ya gramu 200 inavumilika. Zaidi ya hapo pana sababu, na sababu hiyo mara nyingi haiko kwenye skrubu.

Hatua ya tatu: kuondoa sababu za kubadilika

Hatua hii ndiyo kazi yenyewe, na kwa mazingira ya visiwa vyetu ndiyo inayotibu bunduki nyingi bila kugeuza skrubu yoyote. Adui ni wanne: uchafu, mafuta, kutu na mbao, yaani mwili wa mti ulioshika mtambo na mtutu.

Anza na skrubu mbili au tatu zinazoshika mtambo kwenye mbao. Kabla ya kuzilegeza, angalia kama zimekaza. Zikiwa zimelegea, mtambo hucheza ndani ya mbao kila bunduki inapolia, na kifyatulio nacho hubadilika. Zifungue kwa bisibisi au alenki inayoingia barabara, maana inayochezacheza hula kichwa cha skrubu, kisha uutoe mtambo na mtutu wake kwenye mbao.

Sasa pima tena, mtambo ukiwa nje ya mbao. Kipimo hiki wengi hukiruka, nacho kinasema mengi. Ikiwa namba zimetulia nje ya mbao na zinaruka ndani yake, mhalifu ni mbao. Wakati wa masika hewa hujaa maji, na mbao isiyopakwa vizuri upande wa ndani huyanywa na kuvimba. Ule mwanya ambao kifyatulio hupita hujibana, na ubavu wa kifyatulio huanza kusugua. Mwenye bunduki huona kifyatulio chake ni kizuri wakati wa kaskazi na kizito wakati wa masika, naye hukaza na kulegeza skrubu mwaka mzima akifukuza hali ya hewa. Tafuta alama: mahali chuma kiliposugua mbao hung'aa au huwa cheusi. Pasugue kwa msasa laini kidogo kidogo mpaka kipande cha karatasi ya daftari kipite pande zote mbili za kifyatulio bila kukwama, na kipite pia kati ya nyumba ya mtambo na mbao. Kisha paka vanishi mahali pote palipo wazi, kwa ndani na kwenye tundu za skrubu, na uache ikauke kabisa. Kusugua mbao kunaruhusiwa; ni chuma ambacho hakiguswi.

Uchafu ni wa namna mbili. Upo unga mweupe wa maweni, ambao ukichanganyika na mafuta huwa kama msasa wenyewe, na zipo nyuzi za kitambaa na vumbi la mfuko wa bunduki. Zote hukaa juu ya ukingo ule mdogo wa meno, na mvuto mmoja huvuka chembe na mwengine hauvuki. Usiufungue mtambo wa kifyatulio vipande vipande. Uoshe ukiwa mzima, kwa petroli nyepesi ya viberiti, ukidondosha kupitia matundu yake huku ukivuta na kuachia kifyatulio, mpaka kinachotoka chini kiwe safi. Dirisha liwe wazi, jiko liwe limezimwa, na pasiwe na sigara wala ubani unaofukizwa chumba cha pili. Uache ukauke nusu saa.

Mafuta yanahitaji neno la wazi. Mafuta ya nazi, ambayo wengine huyapaka kwa kuwa yapo nyumbani, hayafai hata tone. Huganda yakipata ubaridi wa chini ya digrii 24 hivi, na kila mtu aliyeishi hapa anajua chupa ya mafuta ya nazi inavyokuwa asubuhi ya kipupwe; msasi naye hutoka alfajiri, saa ile ile yanapoganda. Zaidi ya hayo huchacha na kuacha utandu unaonata. Grisi nayo hukamata unga wa mawe. Mtambo wa kifyatulio unataka kuwa karibu mkavu: tone moja dogo la mafuta mepesi ya cherehani kwenye pini ambayo kifyatulio huzungukia, lililopelekwa kwa ncha ya sindano, linatosha. Kinachobaki kifutwe.

Kutu ya juu juu kwenye kifyatulio chenyewe huondoka kwa mafuta na kitambaa kigumu. Kutu iliyoingia kwenye meno, unayoiona kama vidonda vidogo vyekundu ukiangaza tochi ndani ya nyumba ya mtambo, haina tiba ya nyumbani. Mtambo mzima wa kifyatulio ubadilishwe kwa mwengine mpya wa bunduki hiyo hiyo, na aufunge fundi wa silaha aliyeidhinishwa.

Rudisha mtambo kwenye mbao, kaza skrubu zake kwa zamu, ya mbele kwanza, kwa nguvu iliyotajwa kitabuni, na upime mara kumi. Ukikuta namba zimetulia na zimo kati ya kilo 1.8 na 2, kazi ya skrubu huna. Nenda moja kwa moja kwenye majaribio.

Hatua ya nne: kugeuza skrubu ya springi

Ikiwa uzito umetulia lakini ni mkubwa mno, sasa skrubu ya springi inaguswa. Itambue kwa kitabu cha bunduki yako yenyewe, si cha bunduki inayofanana nayo, kwa sababu kampuni moja huhamisha skrubu kutoka toleo moja hadi jengine. Baadhi ya bunduki, kama za Savage zenye ulimi mwembamba katikati ya kifyatulio, hutumia kifaa maalumu kinachokuja na bunduki. Nyengine hutumia alenki ndogo inayopita mbele ya uzio wa kifyatulio. Ikiwa skrubu imefunikwa na rangi au gundi ya kiwandani na kitabu hakisemi uifungue, hiyo ni skrubu ambayo kiwanda hakitaki uiguse.

Bunduki iwe tupu, bolti iwe wazi. Tia mstari mwembamba wa rangi ya kucha unaovuka kutoka kichwa cha skrubu mpaka kwenye chuma kilicho kando, ili ujue ilipokuwa na uweze kuirudisha. Kama ina nati ya kukazia, ilegeze huku skrubu ukiishika isigeuke. Geuza skrubu robo ya mzunguko, usizidishe. Kaza nati, funga bolti, pima mara tano, andika. Robo nyengine, pima tena. Springi haipungui kwa usawa. Robo ya kwanza inaweza kuondoa gramu 50 na ya tatu ikaondoa gramu 200, ndiyo maana haraka haifai hapa. Ukifika mahali ambapo skrubu inageuka na uzito haupungui tena, springi imeshalegea kabisa na kinachobaki ni msuguano wa meno peke yake. Rudi nyuma mzunguko mzima. Springi iliyolegea hivyo haina nguvu ya kukirudisha kifyatulio mahali pake baada ya kuvutwa, na kifyatulio kisichorudi kikamilifu ni kifyatulio ambacho meno yake yameshikana nusu.

Jambo la kutazama kwa jicho: ukiachia kifyatulio, kirudi mbele kwa kasi na kwa mlio mdogo wa chuma. Kikirudi kwa uvivu, uzito huo ni mwepesi mno hata kama mizani inasema kilo mbili.

Hatua ya tano: majaribio ya usalama

Majaribio haya hufanywa bunduki ikiwa tupu, nawe umeikagua upya. Hayafanywi kwa kuchagua. Bunduki inayoshinda matatu na kushindwa moja imeshindwa yote. Utajua pini imeruka kwa kusikia mlio wake, na kwa kutazama mkia wa bolti, ambao kwenye raifo nyingi hutokeza nyuma mtambo ukiwa umekokiwa na huingia ndani ukishaachia.

Kwanza, funga bolti kwa nguvu na kwa kasi, kama anavyoifunga mtu aliyeona nguruwe wa pili anatoka kichakani. Rudia mara ishirini bila kugusa kifyatulio. Pini isiruke hata mara moja.

Pili, koki, weka sefti, vuta kifyatulio kwa nguvu kuliko kawaida, uachie. Toa sefti bila kugusa kifyatulio. Pini isiruke. Kisha vuta kama kawaida, na sasa iruke. Jaribio hili ndilo linalofichua hitilafu mbaya kuliko zote, ambapo kifyatulio kilichovutwa sefti ikiwa imewekwa hakirudi, na bunduki hulia pale mwenyewe anapoitoa sefti tu. Lirudie mara kumi, na baina yake uiweke na kuitoa sefti mara kadhaa haraka haraka.

Tatu, koki, toa sefti, shika bunduki mtutu ukiwa juu, na ugonge kitako chake sakafuni juu ya zulia au mikeka iliyokunjwa, kutoka urefu wa sentimita 30 hivi. Nne, ilaze na uigonge kwa nyundo ya mpira ubavuni kulia, ubavuni kushoto, chini karibu na uzio wa kifyatulio na nyuma ya bolti, ukiiepuka darubini. Pigo liwe la kweli, sawa na bunduki kuangukia mwamba. Rudia yote hayo sefti ikiwa imewekwa.

Pini ikiruka katika jaribio lolote, rudisha skrubu kwenye mstari wa rangi ulioutia, safisha tena, na uanze upya. Ikiruka tena hali skrubu iko mahali pake pa zamani, bunduki hiyo isitoke nyumbani. Mweleze anayekuongozea msako kwamba huna bunduki wiki hii. Mwenye busara hatakushawishi. Ipeleke kwa fundi wa silaha aliyeidhinishwa, na karatasi ya vipimo uifuatanishe nayo.

Hatua ya sita: kuifunga skrubu isitembee

Mshindo wa kila risasi hutikisa skrubu, na baada ya risasi kadhaa yaweza kuwa imejilegeza. Kama ina nati, kaza nati na inatosha. Kama haina, tone dogo la rangi ya kucha juu ya kichwa cha skrubu, likigusa chuma cha kando, hulifanya hilo vizuri, na pia hukuonyesha kwa ufa wake endapo skrubu imegeuka.

Kipimo cha tone hilo si jambo la kupuuza. Mwezi Aprili 2014 kampuni ya Remington iliwaita wenye raifo za Model 700 na Model Seven zenye kifyatulio cha X-Mark Pro, zilizotengenezwa kati ya tarehe 1 Mei 2006 na tarehe 9 Aprili 2014, wazirudishe, kwa sababu gundi ya ziada iliyotiwa wakati wa kuunganisha ingeweza, katika hali fulani, kusababisha bunduki ilie bila kukusudiwa. Hicho ni kiwanda chenye mashine na wakaguzi. Mtu aliyeketi chumbani na chupa ya gundi mkononi asidhani yeye hayatamfika: tia kwa ncha ya kijiti cha meno, juu tu, kisha uache saa 24 kabla ya kukoki tena. Baada ya hapo rudia jaribio la kwanza na la pili. Na kama bunduki yako ni miongoni mwa hizo, isitumiwe mpaka ihakikiwe na fundi wa silaha aliyeidhinishwa, wala kusiwe na kuigeuza skrubu yoyote kabla ya hapo.

Hatua ya saba: risasi ya kweli na daftari

Risasi za kwanza zipigwe mahali palipoidhinishwa, kukiwa na kinga ya udongo nyuma ya shabaha na bila mbwa wala wenzako mbele. Tia risasi moja moja, usijaze magazini, kwa maana bunduki yenye kasoro iliyojificha itajitokeza kwa risasi moja badala ya tano. Piga tano, ukiacha mtutu upoe kati yao, halafu toa risasi zote, kagua chemba, na upime uzito mara tano hapo hapo. Ikiwa wastani umehama zaidi ya gramu 100 kutoka ule wa nyumbani, angalia ule ufa wa rangi ya kucha na skrubu za mbao kabla ya kulaumu kingine.

Kwenye daftari andika tarehe, msimu, wastani, tofauti ya mkubwa na mdogo, mahali pa ndoana, na mizunguko uliyogeuza kutoka alama ya asili. Pima upya mwanzo wa masika na mwisho wake, na kila mara bunduki inapovushwa bahari kwa boti, inapoanguka, au inapoazimwa kwa msasi mwengine aliye na leseni yake. Ukimkabidhi, mwambie uzito wa kifyatulio kwa mdomo na umwache akivute mara tatu bunduki ikiwa tupu, kabla hajatia risasi hata moja.